Pengo Katika Wimbo wa Otilia

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema, bali zamani ya juzi ambayo waliokuwepo bado wanaikumbuka na kubishana juu yake, kulikuwa na kijiji huko milimani Umatengo kikiitwa Litorongi. Watu wa Litorongi walilima kahawa. Kila mwaka wakishamaliza kuvuna, walifanya sikukuu pamoja na watu wa Lumanji, kijiji cha ng'ambo ya mto. Walikula, walicheza, na mwisho kila kijiji kilitoa kikundi chake cha kuimba.

Kikundi cha Litorongi kiliongozwa na Otilia, mwanamke mfupi mwenye sauti nzuri lakini ndogo. Mwaka uliotangulia Otilia na wenzake waliimba kwa bidii, tena wimbo mrefu, na walipomaliza mwenyekiti wa Lumanji, aliyekuwa amekaa nyuma, akauliza wataanza saa ngapi. Alidhani walikuwa wakisali kimyakimya. Watu wa Lumanji walicheka mwaka mzima. Walicheka sokoni, walicheka mnadani, walicheka hata msibani, ila huko walijifunika kanga.

Otilia aliumia. Akakaa miezi miwili akitunga wimbo mpya wa kukisifu kijiji chake, na katika ubeti wa mwisho akaacha pengo la jina moja. Halafu akasimama mbele ya kikundi na wazee wa ushirika, akasema, "Yeyote atakayeifanya sauti yetu ifike mpaka ukuta wa ghala la ushirika kule nyuma ya uwanja, jina lake nitalitia hapa, na nitaliimba mpaka nife."

Msidhani hilo lilikuwa jambo dogo. Nyimbo za Otilia hazikuwa zikisahaulika. Kulikuwa na mzee mmoja, Gerfasi, aliyetajwa katika wimbo wake wa zamani kwa sababu tu aliwahi kuwaazima turubai. Tangu siku hiyo mzee Gerfasi hakuwa amefanya jambo lingine la maana, lakini kila alikokwenda alipewa kiti.

Basi paroko, ambaye kanisa lake lilikuwa upande wa Lumanji, akakubali kuwaazima vyombo vyake vya kupazia sauti. Zilikuwa spika mbili nyeusi, miguu miwili ya chuma ya kuzisimamishia, maiki mbili, mashine yenye vitufe vya kuzungusha, na mfuko wa nyaya. Shida ilikuwa mto. Daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa na maji tangu masika, na sasa ilikuwa Julai, wakati ambao maji ya milima ile huuma mpaka mfupani. Asubuhi ya sikukuu wanaume wakaulizwa nani atakwenda. Mmoja akasema ana mafua. Wa pili akasema mafua ya mwenzake yamemwambukiza. Wengine wote wakaenda kujenga mabanda, hata wale ambao hawajawahi kushika nyundo.

Akabaki Ditrami, mfyatua matofali, mtu mkubwa asiye na maneno mengi. Akakunja suruali, akaenda.

Ditrami akavuka, akarudi na spika ya kwanza begani. Ditrami akavuka, akarudi na spika ya pili begani. Ditrami akavuka, akarudi na mashine kichwani, maiki shingoni na miguu ya chuma kwapani. Akavipanga vyote ukingoni, akavihesabu, akakuta mfuko wa nyaya ameuacha ng'ambo, juu ya jiwe. Akakaa chini kidogo. Miguu yake haikuwa ikihisi kitu. Kisha akainuka, akavuka tena. Wakati wa kurudi akateleza, mfuko ukamtoka, na akaja kuukamata ukiwa tayari umeanza safari ya Ziwa Nyasa. Nyaya zilikuwa zimelowa, na plagi ya waya wa umeme ilikuwa imegonga mwamba ikapasuka vipande viwili.

Alipofika uwanjani akamkabidhi mfuko fundi Burkadi, akamweleza lililotokea bila kuficha. Meno yalikuwa yakimgongana kiasi kwamba Burkadi alimwomba arudie.

Huyu Burkadi alikuwa fundi wa redio na saa, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alipenda kazi yake na alipenda kutazamwa akiifanya. Akazifuta nyaya moja moja kwa kitambaa, akazianika juani. Kisha akaitazama ile plagi muda mrefu. Litorongi nzima haikuwa na plagi ya akiba. Plagi nzima ya namna ile ilikuwa moja tu, ya redio yake mwenyewe, redio iliyokaa kabatini ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, ambayo hata mke wake hakuruhusiwa kubadilisha stesheni. Burkadi akaenda nyumbani. Mkewe alisimulia baadaye kwamba alisimama mbele ya redio hiyo kama mtu anayeaga maiti. Halafu akakata waya, akaichukua plagi, akarudi uwanjani akaifunga kwenye waya wa paroko.

Kazi ikaanza. Alisimamisha miguu ya chuma, akapandisha spika juu yake. Alichomeka waya wa spika ya kulia, akachomeka wa kushoto. Alichomeka maiki ya kwanza, akachomeka ya pili. Akazungusha vitufe vyote mpaka mwisho wa chini, ndipo akachomeka umeme kutoka ofisi ya ushirika, na mwisho kabisa akawasha. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Akaongeza sauti taratibu, akasema kwenye maiki, "Moja, mbili." Na spika zikasema moja, mbili. Watu wakapiga makofi. Wazee wawili wakaomba nao wahesabu.

Jambo moja tu. Spika zote mbili Burkadi alikuwa amezisimamisha nyuma ya waimbaji, zikiwaelekea migongoni. Alieleza kwamba sauti hutoka kinywani kwenda mbele, kwa hiyo spika ikikaa nyuma itaisukuma. Watu waliona ni maneno ya mtu aliyesoma.

Wageni wakavuka mto mchana, viatu mkononi, jua likiwa limeshapasha maji kidogo, wakaja, wakakaa. Watu wa Lumanji wakaimba kwanza, na hao walikuwa na vifua vipana, hawakuhitaji chombo. Kisha Otilia na wenzake wakasimama. Burkadi akazungusha vitufe ili sauti ifike mpaka ghalani.

Ikatoka sauti ambayo Litorongi haikuwahi kuisikia, kama sufuria inayoburutwa ndani ya sikio. Kuku wakakimbilia ofisi ya ushirika. Mgeni rasmi, bwana shamba, akamwagia togwa hotuba yake. Burkadi akapunguza, yowe likakoma, lakini sauti ya Otilia nayo ikarudi kuwa ile ile ya mwaka jana. Akaongeza, yowe likarudi. Akapunguza, Otilia hakusikika. Akaongeza, yowe. Burkadi akasema maiki ina unyevu, akaipepea. Akasema labda ni hereni, akawaambia waimbaji wote wavue hereni. Wakavua. Yowe likaja vilevile. Mwenyekiti wa Lumanji akauliza kwa upole kama huo ndio mwanzo wa wimbo.

Otilia akashusha maiki. Akamwambia Burkadi azime tu, wataimba kama walivyozoea.

Sasa, hatua chache nyuma ya spika lilikuwa banda la jikoni, na jikoni alikuwa Leokadia, akipika maharage ya wageni mia mbili. Leokadia alikuwa mama mkwe wa Burkadi. Yowe la kwanza lilimfanya amwage chumvi. La pili lilimfanya aunguze kidole, na la tatu kidole kingine. La nne lilipokuja akaweka mwiko chini, akatoka kabla Burkadi hajazima. Akakumbatia mguu wa chuma wa spika ya kulia, akauburuta na waya wake, akawapita waimbaji, akausimamisha mbele kabisa, akaigeuza spika iwatazame wageni. Akarudi, akauburuta wa kushoto.

Burkadi alifumbua mdomo kumzuia, akaona ni nani, akaufumba akatazama chini. Mtu hamkaripii mkwe wake, hata akiburuta vyombo vya paroko.

Leokadia akapangusa mikono kwenye kanga, akawaambia wageni, "Mliotaka kelele ndio mkae nazo. Mimi nina maharage."

Akarudi jikoni. Na yowe lilikuwa limekwisha, maana spika hazikuwa zikizipigia maiki kelele zake tena. Burkadi akaongeza sauti, kimya. Akaongeza tena, kimya. Otilia akasogeza maiki mdomoni, akaimba.

Sauti yake ikaenda mpaka ukuta wa ghala, ikagonga, ikarudi. Ilikuwa ile ile sauti nzuri, sasa ni kubwa. Watu wa nyuma wakasimama. Mwenyekiti wa Lumanji akavua kofia, hakujua aiweke wapi. Wanawake wa Litorongi walicheza, na waliokuwa wakijenga mabanda walicheza, na mwenye mafua alicheza kuliko wote.

Wimbo ukafika ubeti wa mwisho. Otilia akatazama mbele. Alimwona Ditrami, bado amejifunika blanketi. Alimwona Burkadi, amesimama wima kando ya mashine. Akageuka, akamwona Leokadia mlangoni mwa jikoni, amenyoosha shingo, na nyuma yake moshi. Pengo likaja, na Otilia hakujua atie jina gani. Akaimba "eee". Akalivuta hilo "eee" mpaka wachezaji wakazunguka mara tatu, mpaka mpiga ngoma akamtazama, mpaka pumzi ikaisha, na wimbo ukaishia hapo.

Watu wakala maharage yaliyoungua bila kulalamika, maana walikuwa na jambo la kuzungumza.

Otilia akawaita wote watatu, kila mmoja aseme haki yake.

Ditrami akasema, "Dada Otilia, mimi nimeingia maji yale mara nane. Hakuna aliyenisaidia hata kushika ncha ya waya. Fundi aliunga nilivyovileta, na mama akaburuta nilivyovileta. Kama ningesema na mimi nina mafua, leo mngeimba nini?"

Mtu mmoja akamkumbusha kwamba plagi ilivunjika mikononi mwake. Ditrami akakubali. Akasema ni kweli, na ni kweli vilevile kwamba mikono hiyo ilikuwa imekufa ganzi.

Ikawa zamu ya Burkadi. Lakini Leokadia alikuwa amekaa palepale, na Burkadi hakuweza kubishana na mkwe wake ana kwa ana. Kwa hiyo akamwinamia Ditrami, akamnong'oneza, na Ditrami, ambaye alikuwa akigombea jina lilelile, akayafikisha maneno ya mwenzake neno kwa neno, tena kwa sauti ya kueleweka.

"Fundi anasema, kwa heshima zote kwa mama, kwamba spika isiyoungwa ni kasha. Anasema hapa kijijini hakuna mwingine anayejua waya upi uende wapi. Anasema amekata redio yake, na leo nyumbani kwake ni kimya." Ditrami akainama, akasikiliza tena. "Anasema pia kwamba jina la mama ni refu, halitaenea katika pengo."

Wakamuuliza nani aliyeziweka spika mahali pa kupiga yowe. Burkadi akanong'ona muda mrefu. Ditrami akasema, "Anasema ni yeye."

Leokadia akasubiri mpaka watu wanyamaze. "Mimi sikuja kugombea," akasema. "Lakini mmeniita, nitasema. Otilia hakuahidi jina kwa atakayebeba. Hakuahidi kwa atakayeunga. Aliahidi kwa atakayeifikisha sauti ukutani. Vyombo vilibebwa, vikaungwa, na sauti haikufika. Nilipovigusa mimi, ikafika. Na kama jina ni refu, niiteni Leka, nyumbani wananiita hivyo."

Mzee Gerfasi akasema kwamba mama hakukusudia kufikisha sauti, alikusudia kuiondoa jikoni kwake. Leokadia akajibu kwamba hata yeye Gerfasi turubai aliliazima kwa sababu alitaka lianikwe. Mzee Gerfasi akageuza kiti chake upande mwingine.

Otilia akajaribu kuwatia wote. Wakaimba wimbo upya, wakasema Ditrami na Burkadi na Leka kwa pumzi moja, na mpiga ngoma akapotea, na wachezaji watatu wakakanyagana, mmoja akatoka akichechemea. Wimbo ulikuwa na nafasi ya jina moja, basi. Akajaribu kuliacha tupu, lakini mwenyewe akasema wimbo ukiwa hivyo unamkaa kooni, na ahadi aliitoa mbele za watu.

Jumamosi inayofuata mwenyekiti wa Lumanji anamwoza binti yake, na ameomba Otilia aende akaimbe wimbo uleule, pamoja na spika. Ditrami ameshakubali kuzivusha. Burkadi ameshakubali kuziunga. Leokadia amealikwa kupika.

Ninyi mlionisikiliza, Otilia anauliza, nami nauliza kwa niaba yake. Kuna aliyejitesa, naye nusura aharibu. Kuna aliyejua na akatoa kipenzi chake, naye ndiye aliyekosea. Kuna aliyefanikisha, naye hakujali wimbo bali chungu chake. Pengo ni moja. Je, ni nani kati ya hawa watatu aliyestahili kuimbwa?