Mto Uliowakimbia Wasiotajwa

Mji wa Sarandila ulitawaliwa na Sultani Shuweni bin Ghalibu, na katika zama zake tauni ilikoma kwa rehema ya Mola, na wanawake wakazaa, na watoto wakaishi, hata vichochoro vikafurika vicheko na visima vikakauka kwa wingi wa ndoo. Waziri Jabali akanena, "Maulana, watu wameizidi nchi. Waamuru vijana wahame."

Sultani hakuridhika. Akaisugua pete ya mababu, na jini Samhuri akatokea katika moshi, akainama, akasema, "Labeka, maulana! Nitakutolea mto milimani, nao utawatosha wote watakaotajwa mbele yangu kwa majina yao."

Basi wakaitwa watu kutaja jamaa zao. Lakini mila ya Sarandila ilikuwa watoto hawahesabiwi, kwa kuchelea jicho la hasidi. Mama akiulizwa ana wangapi hujibu, "Kamoja tu, tena kagonjwa," hali nyuma ya mlango wamejaa tele! Zuwena binti Mgeni, mjane mwenye ulimi mwepesi, naye akataja bintiye mkubwa tu, akawaficha pacha wake wa kiume, akijisemea, mto ni mto, nani atamzuia mtoto kunywa?

Mto ukaja, na watu wakapiga vigelegele. Pacha wakainama wateke, na lo! maji yakawakimbia. Wakasogea, yakasogea. Na kandokando ya mto mzima watoto walilia midomo imewakauka.

Waziri akafurahi. "Maulana, hao wasio na maji ndio ziada. Watolewe mjini kabla jua halijatua."

Askari wakawashika pacha mikono. Zuwena akajitupa mbele ya Sultani, na mamaye akimvuta ukaya wa kichwani, "Nyamaza, mwanangu, utawatia jicho!"

"Mama, jicho huua kwa shaka," akajibu Zuwena, "kiu huua kwa yakini. Maulana, nilisema uongo. Wanangu hawa ni Makame na Haidari, na shibe yao ya maji naitaka hadharani!"

Papo hapo maji yakarudi yakawalowesha pacha miguu, nao wakanywa mpaka wakapaliwa. Kuona hivyo, kina mama wote wakapaza sauti, huyu Subeti, huyu Mwanamize, huyu Athmani na mdogo wake, na kila jina likaupanua mto, hata ukamwagika katika nyika iliyokuwa kame tangu enzi na enzi. Wale vijana ambao Waziri alitaka wahame wakashika majembe, wakailima, na mpunga ukasimama hadi upeo wa macho.

Sultani akamwachia huru jini wake, akamwoa Zuwena kwa ngoma na tarumbeta, akawafanya pacha wanawe. Na kwa amri ya bibi harusi, kila mtoto azaliwaye Sarandila akawa anatangazwa kwa jina langoni pa kasri. Waziri Jabali naye alihudhuria karamu ya harusi, akala wali wa mpunga wa vijana aliotaka kuwafukuza, akaomba aongezewe, na Zuwena akampakulia kwa mkono wake.

Basi enyi mlioketi, mkiona watoto wamejaa nchi msikimbilie kusema wamezidi. Waulizeni kwanza majina yao, kisha wapeni maji na jembe.