Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Semkuya

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu wasiokula tangu jana. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Mwenye kukohoa akohoe kabisa, nisikatizwe mbele. Hapo zamani za kale, zamani za bunduki za gumegume, palikuwa na kijiji chenye migomba mingi. Jina lake silitaji, maana wenyewe wapo na midomo wanayo. Katika kijiji hicho aliishi Bibi Mboza, aliyemzaa bibi yangu. Mimi sikumkuta, lakini nimelelewa kwa maneno yake.

Mumewe aliitwa Semkuya, askari wa mtawala wa nchi ile. Mtu mrefu, mtu wa kifua, mzaliwa wa kwanza kwa mama yake. Akipita njiani, wadogo humwamkia. Asipoamkiwa, husimama. Husimama tu, kimya, mpaka aamkiwe. Alikuwa na mdogo wake, Mhando, mtu wa jembe na maneno machache. Semkuya alimbeba Mhando mgongoni utotoni, na hakumwacha asahau hilo hata siku moja.

Basi siku moja ngoma ya vita ikalia. Ti! Ti! Ti! Semkuya akatwaa gumegume lake, akamwachia Mboza watoto wawili, akaenda. Mwaka wa kwanza, kimya. Mwaka wa pili, kimya. Mwaka wa tatu akaja askari mmoja anachechemea, mkononi kashika mkanda wa Semkuya. Akasema walivamiwa kwenye kivuko, Semkuya akaanguka mtoni, maji yakamchukua.

Sasa sikilizeni mila yao. Mtu akifa mbali na mwili usipatikane, haachwi hivi hivi. Asiyezikwa huzurura, na akizurura watoto wake huugua. Kwa hiyo hukatwa mgomba uliokwisha kuzaa, ukapimwa urefu wa marehemu, ukavikwa sanda, ukazikwa. Na anayepima ni mke, kwa kuwa mke ndiye ajuaye mumewe anaishia wapi kitandani. Mboza akapima kwa mikono yake mwenyewe. Panga likalia, chwa! Mgomba ukaanguka, pu! Mhando akachimba kaburi. Wakalia siku saba, wakanyoa nywele. Jina la Semkuya likazikwa pamoja na mgomba, na fimbo ya baba yao akapewa Mhando. Mhando akawa mkubwa wa nyumba.

Desturi ilimruhusu Mhando amrithi shemeji yake. Mboza akakataa kwa adabu, na Mhando hakununa. Akawa analima shamba la Mboza kabla ya shamba lake. Mtoto akiugua, Mhando ndiye anayembeba kwenda kwa mganga. Mwaka wa kwanza hivyo, mwaka wa pili hivyo, mpaka ikatimia minne.

Mwaka wa saba tangu vita, jua likiwa utosini, mtu mrefu akatokea njia ya mtoni. Kakonda, kaota ndevu, bega moja limelala. Ni Semkuya. Maji hayakumuua. Adui walimwopoa, wakamfanya mtumwa, na ilimchukua miaka hiyo yote kupata mwanya wa kutoroka na gumegume aliloliiba kwao.

Akafika nyumba ya kwanza. "Hodi!" Kimya. Komeo likalia ndani, kwa!

Akafika nyumba ya pili. "Hodi!" Kimya. Kwa!

Akafika nyumba yake mwenyewe. "Hodi!"

"Nani?" Mboza akauliza kutoka ndani.

"Semkuya."

"Semkuya tulimzika. Nilimpima kwa mikono hii."

"Mboza, nifungulie mlango wangu."

"Maiti hafunguliwi," Mboza akasema. "Nenda ukakae mtoni. Chakula nitakuletea."

Semkuya akaketi mtoni kama mkoma, na kijiji kizima hakikumkaribia. Wazee wakakutana. Mmoja akasema kaburi lifukuliwe, mgomba utolewe. Wenzake wakamkatalia, wakasema kaburi likifunuliwa halifungwi tupu, litadai mtu. Wakakata shauri: siku tatu, kisha huyo wa mtoni aende zake, akajenge asikojulikana. Na aende peke yake, kwa sababu mjane na yatima hawafuatani na maiti.

Siku ya tatu Mboza akaenda barazani kwa wazee, akapiga magoti, akaomba kuuliza.

"Nimesikia kwamba maiti harudi nyumbani. Je, mtoto mchanga naye hukatazwa mlango?"

Mkuu wa wazee akasema mtoto hakatazwi.

"Basi azaliwe."

Wazee wakatazamana. Mmoja, yule wa kufukua kaburi, akasema kama ni hivyo Mboza amzae mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyemzika. Mboza akamjibu, "Nikimzaa mimi, nitakuwa mama yake. Mume nitampata wapi, babu?" Baraza likacheka, mara ya kwanza kwa siku tatu. Mama mzazi wa Semkuya alikuwa bado hai, kizee kisicho na jino, amekaa pembeni analia. Akasema kama kazi ni kuzaa tu, yeye anaijua. Wazee wakakubali.

Mboza akapeleka habari mtoni pamoja na chakula. Akaweka chungu chini, akakaa kampa Semkuya mgongo, maana hakuruhusiwa kumtazama. Semkuya akafurahi sana. Akala. Katikati ya tonge akasimama, akafikiri, akauliza: akizaliwa leo na mama yake, atakuwa nani kwa Mhando?

"Mdogo wake," Mboza akasema. "Kitinda mimba. Utamwamkia."

Semkuya akakitupa chungu. Akasema yeye ni askari, amekunywa maji ya mito tisa, hawezi kumwamkia mtoto aliyemwosha mavi. Afadhali arudi vitani akafe kweli.

"Mimi nilimbeba Mhando mgongoni," akasema.

"Na yeye kawabeba wanao, miaka minne," Mboza akasema. Akaokota vigae vya chungu, akaondoka.

Semkuya alibaki pale mpaka kivuli chake kikawa kirefu. Kisha akasimama, akaliacha gumegume lile jiweni, akaenda nyuma ya nyumba ya mama yake, kama alivyoelekezwa.

Wanawake wakatoboa ukuta wa nyuma. Kizee kikalala juu ya mkeka, kikaguna kweli kweli, mmh, mmh, mpaka mkunga akaingiwa na wasiwasi. Askari akapita tunduni kwa tumbo, akapita chini ya kanga ya mama yake, akatokea upande wa pili kajaa vumbi. Wakamkata uzi wa mgomba kama kitovu. Wakamwosha, wakamnyoa. Vigelegele vikalia. Siku saba hakutoka ndani, na siku saba hakupewa chochote ila uji mwepesi, tena analishwa na mama yake. Kizee kilifurahi, siwafichi. Mwanamke gani hapati raha kumlisha tena mtoto aliyemlilia?

Siku ya saba wakamtoa. Jina la zamani lilikuwa kaburini na halichukuliki, wakamwita Kitinda. Uwanja ulijaa watu. Mhando alisimama mlangoni na fimbo ya baba yao, kainamisha macho. Kila mtu alijua: mtoto asiyemwamkia mkubwa wa nyumba si mtoto wa nyumba hiyo. Akikataa, basi kilichotolewa ndani ni maiti, na njia ya mtoni iko wazi.

Kitinda akasimama mbele ya Mhando. Kimya. Watu wakangoja. Akamtazama Mhando miguu, ikiwa imepasuka nyufa kwa kulima mashamba mawili. Akawatazama watoto wake, walivyonenepa, na walivyojibana nyuma ya Mhando, si nyuma yake. Machozi yakamtoka. Akapiga magoti.

"Shikamoo, kaka."

Mhando alitaka kumwinua, mkono ukaenda, ukarudi. Asipoitikia, mtoto hajapokelewa. 

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu nyumbani."

Mboza ndipo akafungua mlango wake. Lakini hakumruhusu aingie. Alikuwa mjane, na yule alikuwa kijana asiye na mke, ilibidi Mboza aposwe upya. Mkubwa ndiye amposeaye mdogo, basi Mhando akaenda kuposa. Na Mboza akasema apewe siku tatu afikirie! Tatu kamili zikapita, akakubali. Mwaka uliofuata akamzaa bibi yangu. Ndiyo sababu sisi, uzao wa mzaliwa wa kwanza, tunaitwa akina Kitinda. Na ndiyo sababu kwetu mtu akitoka safari, hata awe na mvi, humwamkia kwanza aliyebaki nyumbani. Watu hutucheka. Waache wacheke.

Bibi Mboza alipozeeka, bibi yangu alimuuliza kama siku ile mlangoni alijua kwamba ni mumewe kweli.

"Nilijua kwa hodi ya kwanza," akasema, "ile aliyoipiga kwa jirani."

"Sasa mbona hukumfungulia, mama?"

"Mila ilinizuia. Lakini hata isingenizuia, nisingefungua. Angeingia na kifua chake, na Mhando angechukua jembe lake akatoka. Mimi nilikuwa nimeshazika mtu mmoja wa nyumba ile, mwanangu. Sikutaka kuzika wa pili."

Basi wewe unayekwenda mbali ukarudi na sifa, kabla hujadai kiti chako, muulize aliyebaki amekilinda vipi, na uanze wewe kumwamkia. Hadithi yangu imeishia hapo. Mzigo nimeutua, uchukueni.