Mkeka wa Kakakuona

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya watu walionyimwa uji. Na ninyi mlioegemea ukuta, muitikie. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde la Ukindu walikuwa na desturi yao. Desturi ya ajabu, lakini nanyi mnazo zenu, kwa hiyo msicheke mapema. Mnyama anayeonekana kwa nadra alitandikiwa mkeka. Mnyama anayeonekana kila siku alisimama juani. Swala walikuwa wengi, wakasimama juani. Nyumbu walikuwa wengi, wakasimama juani, wakikanyagana. Na Ngiri, mpiga mbiu wa bonde, alipita akipaza sauti:

"Wachache mkekani! Wengi pembeni!"

Siku moja akatokea Kakakuona. Nani hapa amewahi kumwona? Hakuna. Basi ndivyo alivyo. Ana magamba mwili mzima, ana ulimi mrefu, na jino hata moja hana. Tena ana haya, masikini. Alikuwa anajipitia tu, anatafuta chakula chake. Ngiri akamwona, akaruka, mkia juu.

"Kakakuona amekuja! Jamani, mwaka huu ni mwema!"

Bwana Nyati, mkubwa wa bonde, akaja mbio, puu, puu, puu. Mkeka mpya wa rangi ukatandikwa. Kakakuona akakalishwa katikati. Ngoma zikalia, ndu ndu ndu! Akaletewa asali. Akaletewa matunda. Akaletewa majani mabichi. Kakakuona akayatazama majani. Majani yakamtazama Kakakuona. Hakuna aliyemla mwenzake.

Asubuhi Nyati akaja kumjulia hali mgeni. Akakuta pindo la mkeka limeliwa.

"Nani amekula mkeka wa mgeni?"

Kwenye kichuguu cha jirani akachungulia Mama Mchwa. Alitoa kichwa tu, maana tumbo lilikuwa halipiti mlangoni.

"Ni wanangu, Bwana Nyati. Utusamehe. Nyasi na majani makavu ndicho chakula chetu, na mkeka wako ni majani makavu yaliyosukwa. Wangejuaje?"

"Mmezidi!" Nyati akafoka. "Huku mchwa, kule mchwa! Nikiinua mguu, mchwa! Nikishusha mguu, mchwa! Mkiondoka, nani atajua?"

"Haya, tutaondoka," akasema Mama Mchwa. "Lakini sisi hatuondoki mmoja mmoja."

Nyati akavunja vichuguu kwa pembe. Mchwa wakambeba mama yao, tititi, tititi, wakavuka korongo. Walipita, wakapita, wakapita, mpaka Ngiri akachoka kutazama, akalala.

Kakakuona akawaona wanakwenda. Akainua shingo, akasema kwa kasauti kake kadogo, "Jamani, hao ndio—"

"Mgeni amesema!" Ngiri akazinduka. "Mwaka mwema!" Ndu ndu ndu!

Kesho yake Kakakuona akajaribu tena. "Jamani, mimi nina nj—"

"Mgeni amesema! Mwaka mwema!" Ndu ndu ndu!

Mnacheka. Haya, chekeni. Lakini mwenzenu anakufa njaa, tena juu ya mkeka wa heshima, huku anapigiwa ngoma. Mimi namwonea huruma. Magamba yakamlegea, akitikisika yanalia kacha, kacha. Wenyewe wakasema, "Sikieni, anacheza!"

Mvua ikanyesha. Bonde zima likafurahi. Lakini yale matundu ya mchwa yalikuwa yamezibwa na udongo wa vichuguu vilivyovunjwa, na maji yakakosa pa kuingilia. Yakateleza juu ya ardhi, chururu, yakaishia korongoni. Nyasi kavu za mwaka jana zikabaki zimelala palepale, hakuna wa kuzila. Kinyesi cha Nyati nacho kikabaki palepale, kikaongezeka, kikawa kilima. Nyasi mpya hazikupata pa kuchomoza. Swala wakakonda. Nyumbu wakakonda. Nyati akakonda, mbavu zikaonekana. Ngiri akainua mkono apige ngoma, mkono ukashuka wenyewe.

Ndipo kasauti kale kakasikika.

"Jamani, mimi nakula mchwa."

Nyati akageuka. "Unakula nini?"

"Mchwa. Sina kingine. Mmenitandikia mkeka, mkafukuza chakula changu."

"Mbona hukusema?"

Kakakuona akamtazama Ngiri. Ngiri akatazama ngoma yake.

Basi wakavuka korongo, Nyati mbele, Kakakuona amebebwa mgongoni mwake, kacha, kacha. Wakabisha hodi kwenye kichuguu kipya.

"Hodi, Mama Mchwa. Tunakuomba urudi," akasema Nyati, macho chini. "Bonde limekufa. Na mgeni wetu anakufa."

Mama Mchwa akamtazama Kakakuona. "Kwa hiyo mnanialika nyumbani ili huyu awale wanangu?"

"Nitakula kidogo tu, mama," akasema Kakakuona.

"Kidogo chako nakijua. Kabla hujamaliza kulamba midomo, nimeshazaa wengine. Mimi kuliwa nimekuzoea, baba. Kufukuzwa ndiko sijakuzoea." Kisha akamgeukia Nyati. "Nataka mkeka ule. Mzima. Na utandike wewe mwenyewe."

Nyati akarudi, akautandika kwa kwato zake, ukakaa upande. Mchwa wakaja, tititi, tititi, wakaula: nyaka nyaka nyaka! Rangi na yote. Kisha wakaingia ardhini, wakachimba, wakala nyasi kavu, wakala na kile kilima cha Nyati. Mvua iliyofuata, maji yakazama. Nyasi zikaota. Na Kakakuona akatoa ulimi wake, taratibu, akashiba.

Desturi ya mkeka ikafia hapo. Tangu siku ile kila mnyama wa Ukindu hukaa chini, na Ngiri hana cha kutangaza.

Na Kakakuona? Mpaka leo, ukimkuta njiani, hujikunja akawa mviringo. Watu husema anaogopa kuliwa. Wapi! Anaogopa kutandikiwa mkeka.

Basi mafunzo ndiyo haya, wakubwa na wadogo: yule mnayemshangilia kwa sababu ni adimu, anaishi kwa sababu ya wale msiowatazama kwa kuwa wamejaa kila mahali. Msiwadharau walio wengi kwa wingi wao.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ilikuwa na pindo kidogo, lakini mchwa wameshalila.