Kisu Kwapani mwa Mchinjaji

"Ukikuta kisu kwapani, uliza anayefichwa." Mmeisikia methali hii asubuhi kwa shangazi yenu, alipoletewa habari kwamba Kaisi, fundi wetu wa simu, amewekwa ndani kwa kukutwa stendi na kile kisu cha kukunja anachofungulia simu zenu. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maana yake. Maana mtaipata mkijua ilikotoka, na ilitoka hapa hapa mjini kwetu, uani kwa Jumbe Mtipa. Kaeni vizuri, na wewe Zuhura weka hiyo simu.

Jumbe Mtipa alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Fakihi, kipenzi cha watu. Siku moja gulioni, Fakihi alisimama kusalimiana na mtu. Mtu yule akampa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akachomoa kisu ndani ya shuka, akamchoma ubavuni. Alikimbia na hakuonekana tena. Fakihi hakufika hata nyumbani.

Jumbe hakungoja matanga yaanuliwe. Mbiu ikapigwa mtaa kwa mtaa: kisu kichukuliwe wazi mkononi au kibaki nyumbani. Atakayekutwa nacho amekificha nguoni, atatolewa mjini siku hiyo hiyo na nyumba yake ibomolewe. Na anayejua kwamba mwenzake ameficha kisu, akanyamaza, adhabu yao ni moja.

Simlaumu. Mtu aliyeuliwa ndugu yake namna ile utamwambia nini? Lakini sheria iliyotungwa na uchungu haitazami kando. Wagema wakawa wanapita barabarani wameinua visu juu, wanawake wakienda kuchuma mboga hivyo hivyo, na kila mtu akimtazama mwenzake nguo kabla ya kumtazama uso. Chande, mkuu wa walinzi, aliwapapasa watu mpaka vikongwe, na nasikia kazi hiyo aliipenda.

Ikafika arobaini ya Fakihi. Mama yao, Bi Somoe, akaagiza ng'ombe achinjwe uani kwa Jumbe, watu wapate kula baada ya hitima. Mchinjaji wa mji alikuwa Mshamu, mtu mpole ambaye hata kuku alimbembeleza kwanza. Mkewe alikuwa mja mzito, na siku zake zilikuwa zimekaribia.

Desturi ya kuchinja mnaijua, au mnajua kula nyama tu? Mnyama haonyeshwi kisu. Hakinolewi mbele yake wala hakipitishwi machoni pake. Mchinjaji hukificha mpaka mnyama amelazwa na kuelekezwa kibla, ndipo akitoe. Mshamu alifundishwa hivyo na baba yake na hakuwahi kufanya vingine. Tangu sheria itoke alikuwa akichinjia nje ya mji, ambako Chande hakufika. Siku ile sheria hakuisahau, ila alidhani mtu aliyeitwa na Jumbe kuchinja hataulizwa kwa nini ana kisu. Dhana tu, lakini dhana imeponza wengi. Akaingia uani, kisu kwapani chini ya kanzu. Jumbe alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka alipofungwa ng'ombe.

Chande aliuona mkono wa Mshamu ulivyobana ubavuni. Akamrukia na kumwangusha kifudifudi. Kisu kikatoka kwapani, kikaanguka mchangani karibu na miguu ya Jumbe.

Wanawake wakapiga kelele. Mshamu, uso wake ukiwa bado chini, akanyoosha mkono kukielekea kile kisu. Chande akainua mkuki. Hata hivyo Mshamu hakukishika. Alivua kofia yake akakifunika, ng'ombe asikione.

"Nani amekutuma?" Jumbe aliuliza.

"Nimeitwa kwako, bwana. Nimekuja kuchinja."

"Na kisu kwapani?"

"Namficha ng'ombe, bwana."

Mtu mmoja alicheka kidogo, akajizuia.

"Aliyemuua ndugu yangu naye alikificha," Jumbe akasema. "Ndani ya nguo, kama wewe. Niambie tofauti yenu ni nini. Na useme upesi, kwa maana watu wa kubomoa nyumba yako wako tayari."

Mshamu akamfikiria mkewe, atakavyojifungulia porini bila hata mkunga. "Yule, bwana, hakuna aliyejua ana kisu ila yeye mwenyewe," akasema. "Mimi, kila aliye hapa anajua. Asiyejua ni ng'ombe peke yake. Waulize."

Jumbe akawageukia watu. "Nani kati yenu alijua?"

Hakuna aliyejibu. Na wote walijua! Wapishi walikuwa wameshateleka masufuria, walidhani nyama itakatwa kwa meno? Lakini kusema "nilijua" ilikuwa sawa na kuibomoa nyumba yako kwa mkono wako. Babu wa babu yangu alikuwapo, yeye ndiye aliyeshika kamba ya ng'ombe. Alijua. Akatazama vidole vya miguu yake. Nawaambia hili kwa sababu sitaki mkue mkidhani ukoo wetu ni wa mashujaa.

"Basi," Jumbe akamwambia Chande. "Mtoe."

Walikuwa wameshamfikisha Mshamu mlangoni Bi Somoe alipotoka ukumbini, bado yumo katika nguo zake za msiba.

"Mimi nilijua," akasema.

"Mama, rudi ndani."

"Nilijua, Mtipa. Nimemwita mimi. Nilijua atakuja na kisu, na nilijua atakificha, maana ndivyo ng'ombe wanavyochinjwa tangu mimi sijazaliwa. Adhabu yetu moja. Nitoe mjini, kisha uibomoe nyumba hii, kwa kuwa ni yangu."

Mpishi mmoja akaweka mwiko chini. "Nami nilijua," akasema. Akafuata wa pili, na aliyekuwa akichanja kuni, na mwalimu aliyekuja kusoma hitima, mpaka ua mzima. Hapo ndipo babu wa babu yangu naye akapata ulimi, mwisho kabisa.

Jumbe akalia. Tangu mazishi watu hawakuwa wamemwona akilia. "Mbona hukuniambia, mama?" akauliza.

"Ulitaka kila kisu kionekane, mwanangu," Bi Somoe akasema. "Hukuuliza anayefichwa."

Jumbe mwenyewe aliinama, akakiokota kisu kikiwa ndani ya kofia vile vile, akampa Mshamu. Ng'ombe akalazwa, akachinjwa, watu wakala. Sheria haikufutwa, msije mkasema nimewaambia visu si kitu. Jumbe aliongeza jambo moja tu: kabla ya kumhukumu mtu, mlinzi aulize anayefichwa, na atakayesema alijua asiadhibiwe kwa kujua.

Siku sita baadaye Chande alimsimamisha mtu gulioni. Mtu huyo alikuwa akitembea na rafiki yake, wameshikana mikono, wanacheka. Chande akampapasa, akakuta kisu kwapani. Mtu yule akasema ni cha kukatia tumbaku, na kweli tumbaku alikuwa nayo. Chande hakubishana naye. Akamgeukia rafiki.

"Ulijua kwamba mwenzako ana kisu?"

Rafiki akakitazama kile kisu, kisha akamtazama mwenzake, ambaye alikuwa ameangalia pembeni. Polepole akauchomoa mkono wake.

"Hapana," akasema. "Sikujua."

Ukikuta kisu kwapani, uliza anayefichwa.