Sikio la Ndama wa Biret

Wapo watu ambao hufika mtoni, wakavua shati, wakachovya kidole gumba cha mguu, kisha wakarudi nyumbani wakisema wameoga. Wahenga waliwajua watu hao, ndiyo maana wakasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Jambo ukilianza, hasa la kutubu, lifikishe mwisho hata kama linakutetemesha. Aslak hakulijua hilo, au alilijua akajitia hamnazo.

Aslak alikuwa mfugaji wa kulungu kule kaskazini kwenye theluji, ambako wanyama hao hufugwa kama ng'ombe. Kwa miaka minane hakuikaribia meza ya Bwana. Wenziwe walidhani ni unyenyekevu, wakamsifu, na kila sifa ilimchoma. Ukweli ulikuwa huu: kiangazi kimoja, wakati wa kutia mifugo alama, alimkuta ndama jike akimfuata kulungu wa Biret, mjane jirani yake. Kwa desturi yao, ndama ni wa mwenye mama. Lakini hapakuwa na mtu karibu. Aslak akatoa kisu, akamkata ndama sikio kwa alama yake mwenyewe. Kufumba na kufumbua, mali ya mjane ikawa yake.

Biret alipomwona kulungu wake ana kiwele kilichojaa maziwa na hana mtoto, alimgeukia mwanawe, Jouni, aliyekuwa akiwachunga kulungu wake. Akamwambia kwamba alilala usingizi wa pono, mbwa mwitu wakamla ndama. Maneno yakazaa maneno, hata Jouni akaenda zake kusini kuchimba chuma. Tangu hapo mama na mwana walisalimiana Krismasi tu.

Sasa Inga, bintiye Aslak, alikuwa apate kipaimara mwezi wa tatu, Jumapili ya sikukuu ya Maria. Alimwomba baba yake jambo moja tu: wapige magoti pamoja madhabahuni.

"Wenzangu wote watakuwa na baba zao," alisema. "Wewe utakaa benchi la nyuma kama mgeni, baba?"

Aslak akavaa koti, akatoka kwenda kulisha mbwa.

Jumamosi mchana, siku ya kuamkia kipaimara, nyumba ya sala ilifurika. Kwa watu wale, anayelemewa na dhambi husimama akatubu mbele ya ndugu, nao humkumbatia shingoni na kumtangazia msamaha. Aslak akasimama. Akasema yeye ni mwenye dhambi, na kwamba amemkosea mtu fulani. Mara macho yake yakakutana na ya Biret, akayakwepesha. Akamalizia kwa kusema kwamba amewatukana mbwa wake wa kuchungia, tena siku ya Bwana.

Baadhi ya watu waliuma midomo wasicheke. Heikka, mhubiri mzee, akamtangazia msamaha. Aslak akausubiri ule wepesi unaosemwa. Wapi! Kifua kilikuwa kizito vilevile.

Kisha akaja Biret. Alimpenda Aslak kama ndugu wa tumbo moja, akamwekea mikono shingoni huku machozi yakimlengalenga.

"Amini, ndugu yangu," alisema. "Dhambi zako zote zimesamehewa kwa jina la Yesu na kwa damu yake."

Dhambi zote! Mikono ile yenye sugu za kamba ilikuwa ya mama aliyeachana na mwanawe kwa sababu ya kisu cha Aslak. Angeweza kunyamaza, na kesho angepiga magoti na binti yake bila mtu kujua. Lakini aibu haikumruhusu.

"Ondoa mikono, Biret," alisema. "Unamsamehe mtu usiyemjua. Ndama wako hakuliwa. Nilimkata sikio mimi, nikamfanya wangu. Jouni hakulala."

Mikono ikashuka. Biret akakaa kitako kwenye benchi la karibu. Aslak alitamani kukimbilia mlangoni, akamtazama Heikka amwokoe, lakini mzee aliinamisha kichwa tu.

"Miaka minane nimemwita mwanangu mvivu," Biret alisema hatimaye. "Leo nikisema nimekusamehe, Aslak, nitakuwa mwongo. Kwanza Jouni. Mpigie simu hapa hapa, mimi nikisikia."

Akapiga. Akayarudia yote bila kuyatia sukari, akaongeza kwamba yule ndama na uzao wake wote watarudi kwa Biret. Kisha Jouni akauliza kama mama yupo. Biret akaichukua simu, akatoka nayo nje bila koti, akakaa huko muda mrefu.

Kesho yake watu walipoitwa mezani, Inga aligeuka kumtafuta baba yake. Aslak alikuwa ameling'ang'ania benchi. Alikuwa ametubu, ndiyo, lakini aliyekosewa hakuwa amemsamehe bado. Ndipo Biret akainuka upande wa wanawake, macho yamevimba, akaja hadi alipokaa.

"Jouni atakuja Pasaka," alimnong'oneza. "Simama basi, mtoto anakungoja. Nimekusamehe, na leo nasema kweli."

Wakapiga magoti watatu, Inga katikati. Aslak alipokea mkate na divai akilia kwa sauti, wala hakumwonea mtu haya. Mara ya kwanza alichovya kidole, akabaki na uchafu wake. Alipojitosa mzima ndipo alipotakata. Hakika, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.