Mwalimu Hizza na Dawa ya Kuvuta

Kisa hiki kimepita simu nyingi kabla ya kufika kwako. Kisome taratibu, hasa kama nyumbani kwenu kuna mtu anayetumia dawa na kila siku anasema hajambo.

Hizza alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi katika mji mdogo chini ya milima. Watu walimheshimu kwa adabu yake kuliko kitu kingine chochote. Hakuwahi kumkatiza mtu maneno. Hata siku aliyomzika dada yake, alipoulizwa habari alijibu, "Nzuri, tunashukuru," ndipo akaeleza kwamba anatoka makaburini. Sote tumelelewa hivyo, lakini yeye alikuwa amehitimu.

Baada ya kustaafu, kifua kilianza kumsumbua. Kifua kikuu alichougua ujanani kilikuwa kimepona, ila kiliacha mirija ya hewa imelegea, makohozi yakituama, na vijidudu vikapata makao humo. Mara mbili katika mwaka mmoja alilazwa akiwa hoi. Daktari wa kliniki ya kifua, binti aitwaye Frida, akamwanzishia antibiotiki ya kuvuta. Dawa inamiminwa kwenye mashine ndogo, inageuka ukungu, na mgonjwa anauvuta kwa mdomo asubuhi na jioni.

"Mwalimu, usiiache dawa hii," alimwambia. "Maambukizi yakirudi mara ya tatu, sina hakika kama mapafu yako yatastahimili."

Mwalimu akaahidi.

Lakini dawa ilikuwa na vita vyake. Kila alipouvuta ule ukungu, kifua kilibana kama kimefungwa kanga iliyolowa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Mdomoni ulibaki uchungu uliomharibia hata chai. Na sauti yake, iliyokuwa ikisikika uwanja mzima wa shule bila kipaza sauti, kufikia wiki ya pili ilikuwa imebaki mkwaruzo.

Mkewe, Bi Mwanahawa, alimwambia, "Kamweleze daktari."

"Nikamlalamikie mtoto wa watu? Mashine amehangaika kunitafutia mwenyewe, leo nikamwambie mbaya?"

"Haya, kufa na adabu zako," akajibu Bi Mwanahawa, akaenda kupakua wali.

Siku ya kliniki ikafika.

"Shikamoo, mwalimu. Habari za dawa?"

"Marahaba, binti yangu. Nzuri. Tunamshukuru Mungu."

Frida alimtazama, kalamu ikasita kidogo. Kisha akaandika.

Mwalimu akarudi nyumbani na kuendelea kuvuta. Lakini jioni moja kifua kilimbana mpaka akaona giza. Akaitia mashine kwenye mfuko, akaipandisha juu ya kabati. Siku tano hakuigusa, wala hakumwambia mtu. Siku ya sita makohozi yakaanza kubadilika rangi, kama yalivyokuwa kabla hajalazwa mara zile mbili. Aliyaona, akaogopa. Na siku hiyo hiyo ilikuwa ya kliniki.

Njia nzima alijiandaa kusema nzuri.

Mbele yake kwenye foleni alikuwa Mama Shukuru, mkaanga samaki wa sokoni, ambaye naye alikuwa ameanzishiwa dawa hiyo. Mlango wa kliniki ya kifua haufungwi, hewa ipite, kwa hiyo waliokaa kwenye benchi husikia kila kitu.

"Habari za dawa, mama?" akauliza daktari.

"Mbaya."

Benchi zima likageuka.

"Mbaya kabisa, daktari. Inanibana, inanikohoza, na sauti imenikimbia. Mimi nauza samaki kwa mdomo. Nisipopiga kelele, samaki wananiangalia na mimi nawaangalia."

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akanong'ona, "Mama huyu hana haya." Mwalimu Hizza alikubaliana naye moyoni. Akasubiri kusikia daktari akiudhika.

Daktari aliinuka kitini, akamshika Mama Shukuru mikono yote miwili.

"Ahsante, mama. Miezi saba nawauliza watu swali hili, na wewe ndiye wa kwanza kunijibu."

Kisha akamweleza. Kabla ya dawa, avute kwanza pampu ya kufungua kifua, asubiri kama robo saa. Akae wima, avute polepole, na akikohoa apumzike kidogo ndipo aendelee. Akimaliza, asukutue kwa maji na kutema, ili uchungu na mkwaruzo wa koo vipungue. "Na kifua kikizidi kubana, au masikio yakianza kuvuma, au ukisikia kizunguzungu, simamisha dawa uje siku hiyo hiyo. Usisubiri tarehe."

"Yaani wiki zote hizi ningeuliza tu?"

"Na mimi nilipaswa kukueleza haya siku ya kwanza," akasema daktari. "Hapo nilikosea."

Zamu ya mwalimu ikafika.

"Shikamoo, mwalimu. Habari za dawa?"

Jibu alikuwa nalo tayari mdomoni. Akatazama sakafu. Benchi zima lilikuwa nyuma yake, na baadhi yao aliwafundisha kusoma.

"Binti yangu," akasema kwa ule mkwaruzo wake, "nilikudanganya. Inanitesa. Siku tano sijaivuta."

Akangoja kukemewa.

"Nilijua kuna jambo," akasema Frida.

"Ulijua?"

"Mara ile nilisikia sauti yako imeharibika. Nilitaka kukuuliza tena. Nikaona utadhani nakuita mwongo, na wewe ni wa umri wa baba yangu. Nikaandika kwamba huna tatizo." Machozi yakamlengalenga. "Nisamehe, mwalimu. Sisi tunaheshimiana, vijidudu vinazaana."

Mzee akainua macho kutoka sakafuni. Maishani mwake alikuwa ameombwa radhi na wengi, lakini mara chache na mtu aliyekuwa na haki ya kumgombeza.

"Tusameheane," akasema. "Lete hiyo pampu."

Daktari akampima kifua, akachukua makohozi yakapimwe. Kisha, wakiwa pale pale, mwalimu akavuta pampu, wakasubiri robo saa, mashine ya kliniki ikaanza kunguruma. Daktari alikaa karibu yake, kidole kwenye mapigo ya mkono wake. Pumzi ya kwanza ikapita. Ya pili. Kubana kukaja, lakini safari hii kulikuja kwa upole, kukapita. Alikohoa mara mbili, akapumzika, akaendelea mpaka dawa ikaisha. Akasukutua, akatema.

Benchi zima lilikuwa likimtazama.

"Habari za dawa, mwalimu?" akauliza daktari.

Mwalimu Hizza akapangusa midomo kwa leso yake safi.

"Kifua afadhali," akasema. "Lakini bado ni chungu kama shubiri, na ladha yake sitaizoea hata siku moja. Andika hivyo hivyo."

Na daktari akaandika hivyo hivyo.

Funzo: Anayekutibu hawezi kuondoa adha uliyomficha. Mgonjwa humheshimu daktari kwa kumwambia ukweli, na daktari humheshimu mgonjwa kwa kumuuliza mara ya pili.