Pimbi na Insha Iliyokataa Kwisha

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipovaa sare na kuamshwa kwa kengele kama ninyi, palikuwa na shule ya sekondari juu ya kilima cha mawe. Kidato cha nne alisoma binti wa nyati aitwaye Siwema. Dawati moja alikaa na pimbi, Kitwana, mfupi mpaka akiketi unaona masikio tu.

Siwema alikuwa na nguvu za kung'oa mti. Lakini, wanangu, kitu kimoja kilimtoa jasho: kosa.

Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa kidato cha pili alipata tisini na nne katika Jiografia, akakimbia nyumbani mkia juu. Baba yake, Mzee Mbogo, kiongozi wa nyati wote wa bondeni, akaitazama ile karatasi, akauliza:

"Na sita zimekwenda wapi?"

Hakufoka wala hakumpiga. Aliuliza, akaendelea kutafuna majani yake. Basi tangu siku hiyo kila Siwema akishika kalamu, swali lile linamjaa sikioni.

Mwaka ule kidato cha nne wote walitakiwa kuandika insha ndefu juu ya ukame. Asiyekabidhi insha hafanyi mtihani wa mwisho, na mwisho wa kukabidhi ulikuwa Ijumaa, saa sita mchana. Siwema alikuwa ameianza miezi miwili nyuma. Anaandika kurasa tano, anaona herufi moja imepinda, chwaaa! Anachana. Anaanza upya, anaona neno halikai sawa, chwaaa!

Ijumaa asubuhi Kitwana akamkuta amekaa na karatasi nyeupe mbele yake.

"Siwema, umekula?"

"Nitakula nikimaliza."

"Jana ulisema hivyo hivyo. Na ile ya jana iko wapi?"

"Nimeichana."

"Ala! Ilikuwa na kosa gani?"

"Neno 'hata' lilikuja mara mbili katika mstari mmoja."

"Mara mbili! Yarabi toba! Na mbingu hazikuanguka?"

"Usinicheke, Kitwana." Akaisukuma kalamu kando. "Nimeshaamua. Sikabidhi kitu. Heri waseme sikuandika kuliko waseme niliandika vibaya."

Masikio ya Kitwana yakasimama wima. "Umesema nini?"

"Umenisikia."

"Usifanye mtihani? Miaka minne yote hii, uitupe kwa ajili ya 'hata'?"

Siwema akaigeukia karatasi yake nyeupe. Pimbi akamwangalia vizuri, akaona mbavu zimetokeza na macho yamezama. Rafiki yake hakuwa anatania.

Mara, ndu! ndu! ndu! Sakafu ikatikisika, vumbi likaanguka darini. Mzee Mbogo huyo, mabega yamejaa mlango. Nyuma yake alikuja Mwalimu Korongo, bibi kizee wa miguu mirefu na miwani, aliyefundisha pale tangu shule ilipokuwa ya nyasi. Ndiye aliyempelekea mzee barua ya kumwita shuleni.

"Iko wapi?" akanguruma Mzee Mbogo.

"Shikamoo baba. Bado... haijawa nzuri."

"Marahaba. Basi ifanye nzuri! Wewe ni damu yangu. Mimi nilisoma shule hii hii, na sikuwahi kukosea hata nukta. Hata nukta, Siwema!"

"Khm," akakohoa Mwalimu Korongo, akafuta miwani.

Siwema akainamisha pembe.

Kitwana, puruu! Akatoka dirishani. Hata pumzi kumi hazijapita, puruu! Karudi, ana karatasi kwapani na vumbi puani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiki nacho ni nini?"

"Ni Kitwana, mzee. Nakaa dawati moja na binti yako. Mzee wangu, nina insha hapa ya mwanafunzi wa shule hii. Mwenyewe hapendi kabisa kukosolewa. Nikasema, kwa kuwa amekuja asiyewahi kukosea, aikague mbele yetu, na Siwema apate kujifunza."

Mzee Mbogo akavimba shingo kwa raha. "Maneno hayo! Lete kalamu nyekundu."

Siwema akashtuka. *Maskini Kitwana,* akawaza, *kaleta insha yake. Baba atamsaga.*

"Mbona karatasi ya njano hivi?" akauliza Mzee Mbogo.

"Ilikaa vibaya, mzee. Na ukurasa wa jina nimeutoa, nisimwaibishe mtu kabla ya wakati."

Mzee akaanza. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

"'Gombe'! Ng'ombe anaandikwa hivi? Kosa! 'Ukame unaletwa na kukosa ukame.' Loo! Huyu ana kichwa au ana boga? Kosa! Hapa hakuna nukta. Hapa nukta mbili. Hapa ameanza na mto, katikati kauacha, kaenda kuzungumza habari za kupe!"

Kila kalamu ilipokwaruza, Siwema aliona kama inapita mgongoni mwake. Akamtazama Kitwana kwa huruma. Kitwana ametulia tuli.

Kwenye ukurasa wa nne kalamu ikasimama.

Mzee akasoma polepole: "'Mwaka ule mama alitembea siku mbili kutafuta maji. Akarudi midomo imepasuka, akatunyonyesha hivyo hivyo. Mimi nilidhani haoni kiu.'"

Mzee akapepesa macho. "Hapa... hapa pana kitu." Kisha akajikohoza, akakaza uso. "Lakini mwandiko mbaya! Kosa! Jumla, makosa arobaini na moja. Arobaini na moja! Aliyeandika takataka hii hafai kuongoza hata jongoo kuvuka njia. Mwiteni hapa! Mwiteni nimtazame usoni!"

"Kweli tumwite, mzee?" akauliza Kitwana.

"Sasa hivi!"

Kitwana akatoa karatasi moja kwapani, akaiweka juu ya dawati kwa mikono miwili. Ulikuwa ukurasa wa jina.

Mzee Mbogo akainama. Akasoma. Akasoma tena. Mdomo ukafunguka, majani aliyokuwa anatafuna yakamwanguka, pwaa.

"Ma... masalale!"

Siwema akachungulia. Kwa herufi kubwa zilizopinda kama mkia wa kinyonga, palikuwa pameandikwa: *Mbogo wa Bondeni. Kidato cha Nne.* Chini yake, kwa mkono wa Mwalimu Korongo: *Sitini na moja. Umefaulu.*

Wanangu, Siwema aliinuka kitini. Akamtazama baba yake, akaitazama karatasi, akamtazama tena. Baba! Baba aliyeandika 'gombe'! Kama mtu angemwambia mlima umeota mkia na kukimbia, asingeduwaa namna ile.

Mzee naye akakaa chini, puu! Dawati likavunjika miguu yote minne. Hakuna aliyecheka.

"Nilikuwa nimesahau," akasema taratibu. "Wallahi nilikuwa nimesahau kabisa."

"Mimi sikusahau," akasema Mwalimu Korongo. "Nilipofika pale ulipoandika habari za mama yako niliweka kalamu chini, nikatoka nje kidogo. Na wewe, Kitwana! Nilikutuma kupanga stoo. Nilikuambia ufungue makabati?"

"Nilikuwa napanga kwa ndani, mwalimu."

Mzee Mbogo akamgeukia pimbi. Pua inatoa moshi. Kitwana akarudi nyuma hatua mbili, akajiona yu chapati.

"Umenidanganya, we kijimnyama."

"Mzee wangu, nilisema ni insha ya mwanafunzi wa shule hii. Nikasema mwenyewe hapendi kukosolewa. Uongo ni upi hapo?"

Mzee akaitazama tena ile karatasi ya njano. Moshi ukapungua. Akamtazama binti yake, na safari hii akaziona zile mbavu.

"Siwema. Lini umekula?"

Hapo ndipo Siwema alipoangua kilio, machozi ya nyati mzima, mpaka sare ikalowa.

"Sikumbuki, baba. Nimeandika mara tisa. Nimechana zote. Nikiona kosa nakuona wewe."

Mzee akamsogelea. Akaweka pua yake begani kwa mwanawe, akaiacha pale.

Mwalimu Korongo akatazama kivuli dirishani. "Zimebaki dakika mbili. Siwezi kuongeza hata dakika, mwanangu. Kama una chochote, nipe."

"Sina, mwalimu. Zote nimechana!" Siwema akakishika kichwa. Sasa alitaka kukabidhi, kwa mara ya kwanza alitaka, na hana kitu! "Mungu wangu, nimefanya nini?"

"Ya nne," akasema Kitwana.

"Ya nne nini?"

Pimbi akainua tandiko la kiti chake. Palikuwa na insha nzima, kurasa kumi na mbili, zimeungwa kwa utomvu wa mti, vipande kwa vipande, kama kibuyu kilichoshonwa.

"Niliokota kwenye pipa. Ilinipendeza. Nilikuwa naisoma wakati wa Hesabu."

Siwema akazishika kurasa zile. Macho yakakimbilia moja kwa moja kwenye makosa: hapa herufi imeruka, pale wino umemwagika. Mkono ukaanza kujikunja, tayari kuchana.

"Siwema!" wakaita wote watatu.

Mkono ukasimama. Akafumba macho, akainyoosha insha mbele yake kama anayeng'olewa jino.

"Chukua, mwalimu. Chukua upesi kabla sijabadili nia!"

Ngo! Ngo! Ngo! Kengele ya saa sita.

Alipofumbua macho, insha haikuwapo mkononi. Akangoja dari imwangukie. Haikuanguka. Akatazama huku na huku, mdomo wazi.

"Ndiyo imekwisha?" akauliza. "Hivi tu?"

"Hivi tu," akasema Kitwana. "Twende tukale, maharage yanapoa."

Siku ile Siwema alikula sahani saba, akasinzia mezani shavu juu ya ugali. Insha ilipata sabini na nane. Siku ilipobandikwa ukutani alisimama mbele yake, akaisoma mwanzo hadi mwisho bila kuichana, kisha akaingia kwenye mtihani pamoja na wenzake. Mzee Mbogo alilitengeneza lile dawati kwa mikono yake mwenyewe, nalo likatoka limeinama upande mmoja.

Ninyi mnaosoma, shikeni hili: kazi yenye kasoro iliyofika mezani kwa mwalimu ina faida kuliko kazi safi iliyobaki kichwani mwako.